Mtoto anapomdai mtu mzima: kazi za baada ya shule Dodoma

Kumwona mwanafunzi akifanya kazi baada ya masomo Dodoma si jambo geni. Wapo wanaosukuma toroli Soko la Majengo siku za Jumamosi, wanaouza maji na karanga mnadani Msalato, wanaowaoshea vyombo mama lishe kule Mtumba unakojengwa Mji wa Serikali, wanaoshika spana kwa fundi pikipiki Chang'ombe, na wanaochuma zabibu Mpunguzi na Hombolo kwa kibarua. Kila wanapozungumziwa, mazungumzo huishia kwenye mabishano yale yale: kazi inamkomaza mtoto au inamharibia shule? Swali hilo lina uzito wake. Lakini lipo jingine ambalo kila nyumba yenye mtoto anayefanya kibarua inaliishi bila kulitaja: kazi inafanya nini kati ya mtoto huyo na watu wazima wanaomzunguka?

Jibu langu ni kwamba inageuza deni.

Katika malezi yetu deni lina upande mmoja, na mtoto ndiye anayedaiwa. Anadaiwa shikamoo, anadaiwa kutumika, anadaiwa kunyamaza wakubwa wakizungumza. Mkubwa akimpa kitu, amempa kwa upendo au kwa huruma, naye hupokea kwa mikono miwili na kushukuru. Sasa mchukue mtoto huyo huyo, apalilie shamba la jirani Jumamosi nzima kwa makubaliano ya shilingi elfu tatu. Jua linapozama, jirani yule wa kupewa shikamoo anadaiwa na mtoto. Hapo ndipo tunapokwama. Mtoto hakufundishwa kudai, na mkubwa hakuwahi kufikiri kwamba iko siku atadaiwa na mtoto.

Tazama namna mtoto anavyodai. Anakuja jioni, anapiga hodi, anaamkia. Anaulizwa, "Umetumwa?" Anajibu, "Hapana, nimekuja kuwasalimia tu." Anasimama pale mlangoni, anakuna mguu mmoja kwa mwingine, anaangalia chini. Mwenye nyumba anajua kilichomleta, na watoto wa nyumba ile nao wanajua. Halafu anaambiwa, "Haya, wasalimie nyumbani, pita keshokutwa." Anaondoka akiwa amesalimia tu kweli. Mtu mzima mwenzake angesimama pale pale na kusema wazi, "Nimefuata hela yangu." Mtoto akithubutu kutamka hivyo, habari itafika kwao kabla yeye hajafika, tena itafika kama malalamiko: mwanenu hana adabu.

Sheria yetu imebeba pande zote mbili za mvutano huu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18. Kifungu cha 15 kinampa wajibu wa kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa wake, na kuwasaidia wanapohitaji msaada. Kisha kuanzia kifungu cha 77 sheria hiyo hiyo inampa haki ya kufanya kazi nyepesi akifikisha miaka 14, yaani kazi isiyoathiri afya na makuzi yake wala mahudhurio yake shuleni, pamoja na haki ya kulipwa ujira unaolingana na kazi aliyoifanya. Kazi inayozidi saa sita kwa siku, isiyolingana na umri wake, au yenye malipo yasiyotosha, inahesabiwa kuwa ya kinyonyaji. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, imekatazwa. Ukiisoma ofisini haina utata. Ipeleke sasa nyumbani kwa shangazi anayeuza genge. Mtoto aliyepo pale ana wajibu wa kumsaidia shangazi na ana haki ya kulipwa na shangazi. Nani anaamua kwamba leo ni msaada na kesho ni kazi? Kwa kawaida anaamua shangazi.

Vijijini Bahi, Chamwino au Kongwa, jambo hili lilikuwa na utaratibu wake, na kwa wengine bado upo. Mvulana aliyechunga ng'ombe wa mjomba hakusubiri mwisho wa mwezi. Mjomba naye alijua kuna siku atatakiwa kutoa: ndama, mbuzi, sare za shule, au mchango wa mahari kijana atakapotaka kuoa. Hesabu ilikuwa ya miaka, lakini ilikuwa na mashahidi, maana ukoo mzima ulijua nani alichunga kwa nani. Mjomba aliyekula jasho la mpwa wake alisemwa kwenye misiba na kwenye harusi. Sisemi kwamba kila mtoto alitendewa haki. Nasema palikuwa na watu wazima wengine waliokuwa wanatazama.

Mji umepunguza macho hayo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa una watu zaidi ya milioni 3, na jiji peke yake zaidi ya laki saba na nusu. Nyumba zimeota Nala, Ihumwa na Ilazo mahali palipokuwa na vichaka vya miiba. Pamoja nazo wamekuja watumishi, wapangaji, mafundi na wafanyabiashara wanaohitaji mtu wa kufua, wa kusogeza matofali, wa kukaa gengeni jioni. Mwanafunzi anajikuta akimfanyia kazi mtu asiyemjua baba yake wala mtaa anaotoka.

Kwa mgeni kuna nafuu moja: bei inatajwa. Hakuna undugu wa kuifunika, kwa hiyo mtoto anajifunza mapema kuuliza "shilingi ngapi?" kabla hajashika kazi, na akishalipwa kila mtu anakwenda zake. Kwa ndugu kuna nafuu nyingine, kwamba akiumia au akiugua hatatupwa. Anayeumia zaidi, kwa ninavyoona, ni yule aliyekwama katikati: anafanyishwa kazi kama mgeni, na anapofika wakati wa malipo anageuzwa ndugu. Maneno yanayotumika yanajulikana: "Wewe ni kama mwanangu." Ni maneno matamu, na wapo wanaoyasema wakiwa wanamaanisha. Lakini chunguza yanasemwa lini. Yakisemwa wakati wa kula, kwamba njoo kaa hapa na wenzako, ule, wewe ni kama mwanangu, mtoto amepata nyumba ya pili. Yakisemwa Jumamosi jioni hela inapotakiwa, mtoto anajifunza kwamba upendo wa watu wazima ni njia ya kutolipa. Akishalijifunza hilo akiwa na miaka kumi na minne, atakuja kumwamini nani?

Nyumbani mambo ni mazito zaidi, kwa sababu huko deni linageuka mbele ya baba na mama.

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Palizi ya mtama, uwele, mahindi na karanga inaangukia Januari na Februari, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa na ghala la nyumbani likiwa linaelekea chini. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na misimu yote miwili inaikuta shule katikati ya muhula. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita wakafuata mwaka 2022. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula cha mchana na tuisheni bado vinatoka mfukoni mwa mzazi. Ndiyo maana kibarua cha mtoto, ambacho wageni hudhani ni cha kununulia pipi, mara nyingi kinanunua daftari, na mwezi ukiwa mbaya kinanunua unga.

Siku ya kuchuma zabibu ni shule tosha ya uhusiano huu. Wachumaji wanaingia shambani alfajiri kabla jua halijakali. Kishada kinashikwa kwa kikonyo na kukatwa kwa mkasi, kisha kinalazwa kwenye kreti taratibu ili punje zisipasuke, kwa sababu zikipasuka mnunuzi anazikataa. Mikono inanata utomvu mtamu, nyuki wanaufuata. Mtoto mwenye vidole vyepesi anaweza kuwashinda wakubwa, na pale shambani kila mtu anaona kwamba amewashinda. Wakati wa kulipwa unapofika, mwenye shamba anafanya jambo linaloonekana dogo: anamtazama baba na kumkabidhi hela zote. Anaweza kufanya hivyo kwa heshima kabisa, kwa kuwa hela ya mtoto hukabidhiwa mzazi. Kwa mtoto maana yake ni kwamba asubuhi alikuwa mchumaji na mchana amerudi kuwa mkono wa baba.

Sitamlaumu baba ambaye ana madeni ya duka na ana watoto wengine watano. Kinachoamua uhusiano ni kinachofuata wakifika nyumbani. Wapo wazazi wanaoketi na mtoto na kumwambia: hela yako ni hii, hapa tumenunua unga wa wote, na hii iliyobaki nakutunzia kwa ajili ya viatu. Viatu vikija kununuliwa kweli, mtoto anakuwa mshirika wa nyumba. Anaanza kuulizwa mawazo, na kifungu cha 11 cha sheria ile, kinachompa mtoto haki ya kutoa maoni yake, kinatimia bila mtu kukisoma. Wapo wengine ambao hela ikishaingia mfukoni haizungumzwi tena, na mtoto akiuliza anajibiwa, "Unakula kwa nani?" Mtoto wa hivyo hufanya moja kati ya mawili. Anaanza kuficha: anamwambia mama alilipwa elfu moja kumbe alilipwa mbili, na nyingine anaiweka kwa muuza duka. Au anaanza kutamba, kwamba hata mimi naleta hela, kwa hiyo usinipangie saa ya kurudi. Baba anaona jeuri. Akitulia ataona kwamba mtoto anajaribu kulipwa heshima kwa kuwa hela alinyimwa.

Akina mama wanaolea peke yao hukumbana na hali nyingine. Kijana wa miaka kumi na tano anayechangia kodi ya chumba huanza kuzungumza kama baba wa nyumba, kuwakaripia wadogo zake, hata kumuuliza mama alikuwa wapi. Mama anamhitaji na anamwogopa kidogo. Hili linaumiza kulitazama, kwa sababu wote wawili wana haki ya kuchoka.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kupuuza. Utafiti wa kitaifa wa utumikishwaji wa watoto wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba Tanzania Bara ilikuwa na watoto wapatao milioni 4.2 wa miaka 5 hadi 17 kwenye kazi zilizovuka mpaka wa kisheria, sawa na asilimia 28.8 ya watoto wote wa umri huo, na wengi mno walikuwa kwenye kilimo. Idadi hiyo haihesabu mtoto anayeteka maji nyumbani na kufagia uwanja. Inahesabu waliopitilizwa kwa umri, saa au hatari. Kwa karibu kila mmoja wao yupo mtu mzima aliyemwambia anza kazi, na mara nyingi mtu huyo ni wa nyumbani.

Kwa wasichana mambo yanahitaji kutajwa bila kuzunguka. Msichana wa kidato cha pili anayekaa gengeni Nkuhungu kuanzia saa kumi jioni anahudumia watu wazima mmoja baada ya mwingine. Wengi wananunua nyanya na mchicha, wanaaga. Mmoja ananunua vitunguu vya mia tano, anatoa elfu tano na kusema, "Chenji baki nayo." Wiki inayofuata anafanya vile vile. Tofauti ya ujira na zawadi iko hapo. Ujira ukishalipwa hesabu imefungwa, aliyefanya kazi hadaiwi kitu. Zawadi ya namna hii inaacha hesabu wazi, na mtu mzima ndiye atakayechagua siku ya kuidai na kitu cha kudai. Msichana aliyelelewa kushukuru kila anachopewa na mkubwa, na asiyewahi kulipwa sawasawa kwa kazi yake, hana pa kusimama atakapoambiwa, "Mimi si nakusaidiaga?" Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Adhabu hiyo inafika mwisho wa safari. Mwanzoni mwa safari yuko mwenye genge, mtu mzima aliyemweka pale, ambaye kazi yake ni kumwambia yule mteja achukue chenji yake, na kumwambia mbele ya msichana.

Mwalimu naye yumo. Anamwona mwanafunzi amesinzia kipindi cha kwanza, anauliza, anajibiwa, "Nilikuwa naumwa." Mtoto anaficha kibarua kwa sababu anaogopa viboko au kuitiwa mzazi, na mwalimu anabaki akimfundisha mtu asiyemjua. Tena wapo wanafunzi ambao sokoni wanapatana bei na watu wazima siku nzima, wanabishana, wanakubaliana. Wakirudi darasani na kumuuliza mwalimu "kwa nini?" wanaonekana wakorofi. Mwalimu anayejua kwamba huyu ni mfanyabiashara mdogo wa Majengo atampa zoezi la hesabu za faida na hasara, na darasa litamsikiliza.

Shule zenyewe zina historia ya kazi. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliweka shamba na mradi kuwa sehemu ya masomo, na Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kuamua shughuli za shamba lao na waione faida yake. Shamba la shule linaloleta uji wa saa nne linajenga uhusiano mzuri sana, kwa kuwa mwanafunzi analima na anakunywa. Mwanafunzi anayetumwa kulima shamba binafsi la mwalimu wakati wa vipindi hana cha kukiona wala wa kumuuliza, kwani anayemdai ndiye anayesahihisha mtihani wake.

Marekani, ambako kazi za wanafunzi zimechunguzwa kwa muda mrefu, tatizo lilionekana kutokea upande mwingine. Wanasaikolojia Ellen Greenberger na Laurence Steinberg waliandika mwaka 1986 kwamba kazi haikuwakutanisha vijana na watu wazima kama ilivyotarajiwa. Migahawani na madukani walifanya kazi zaidi na vijana wenzao, na wakubwa wa kuwafunza walikuwa wachache. Jeylan Mortimer, mwanasosholojia aliyeanza mwaka 1988 kuwafuatilia wanafunzi wa St. Paul, Minnesota, alikuta picha yenye matumaini zaidi kwa waliofanya kazi kwa saa chache na kwa utulivu bila kuacha masomo. Hatuwezi kuyachukua matokeo hayo na kuyabandika Dodoma. Kwetu mtoto anayefanya kazi amezungukwa na watu wazima mno. Pale gereji au kwa mama lishe anasikia madeni yao, ugomvi wa ndoa zao, matusi yao, na anatumwa sigara. Anajua siri za mtaa kabla ya wakati wake. Lakini pia anampata fundi anayemwita pembeni na kumwambia, "Nenda kasome, spana haikimbii." Nimewasikia mafundi wa aina hiyo, nao wanafanya malezi ambayo hakuna ofisi inayoyalipia.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ameshaomba kibarua cha likizo ya Juni, yapo mambo ya kufanya kabla ya siku ya kwanza. Nenda mwenyewe kwa anayemwajiri. Salimianeni, mweleze mnakaa wapi, ili ajue mtoto ana watu. Kazi itajwe, saa ya kutoka itajwe, na bei itajwe, vyote mtoto akiwepo na akisikia. Mkubaliane kwamba hela atapewa yeye mkononi, hata kama mmepanga aikabidhi nyumbani. Akirudi muulize kuhusu watu pia, si hela peke yake: nani alikuwepo, nani alimpa nini, nani alimfokea. Ukiona anarudi na vitu ambavyo ujira wake hauwezi kununua, usianze na fimbo; anza na kusikiliza.

Asipolipwa, zipo njia: mwenyekiti wa mtaa, afisa ustawi wa jamii, na simu ya bure ya 116 inayopokea masuala ya watoto nchi nzima. Akiwa amepigwa au ameshikwashikwa, ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, siku hiyo hiyo. Mtoto akienda peke yake kwa mwenyekiti ataulizwa mzazi wake yuko wapi, na shauri litaishia hapo. Kwa hiyo nenda naye. Mkishakaa, usiwahi kumsemea. Mwache aamkie, kisha aeleze mwenyewe alifanya kazi gani, siku zipi, na waliahidiana shilingi ngapi.